Kwa Jahazi Hadi Kilwa, Pepo Zikigeuka

Mwishoni mwa Machi bahari ya Tanzania iko kati ya pepo mbili. Kaskazi, iliyovuma tangu Novemba au Desemba, imeishiwa nguvu, na kusi bado haijashika. Ni maleleji: leo upepo unatoka huku, kesho kule, keshokutwa shwari tupu, na mawingu ya masika yanaanza kuingia. Wenye vyombo vya tanga wengi huvipumzisha kipindi hiki, wakavipaka deheni na kushona matanga. Sisi tulisafiri ndani yake kwa sababu ndipo likizo zetu zilipokutana, na kwa sababu Mjomba alikuwa amemaliza kushusha nazi na samaki wakavu Dar es Salaam, anarudi kwao Jibondo, kisiwa kidogo jirani na Mafia, na alikubali kutufikisha Kilwa.

Mjomba ni mjomba wa Ticha kwa damu, na wetu sote kwa heshima. Marafiki tulikuwa wanne: Ticha, mwalimu wa jiografia, Dokta, tabibu wa kituo cha afya, Fundi, anayetengeneza majokofu, na mimi. Mabaharia walikuwa wawili, vijana wa Jibondo. Jahazi halina injini. Lina tanga moja kubwa, dira, bildi ya kupimia kina, jiko la mkaa ndani ya sanduku la mchanga, na jaketi okozi kwa kila mtu. Mjomba alitaka tuzivae mbele yake na kuzifunga sawasawa kabla hajaturuhusu kugusa kamba yoyote.

Tulimwuliza tutafika Kilwa lini.

"Wanangu, mimi nitawaambia tunaondoka lini," alijibu. "Kufika tutaulizana tukiwa njiani."

Jumatatu. Dar es Salaam hadi Kwale

Tuling'oa nanga saa tisa usiku. Saa hiyo ilichaguliwa kwa sababu mbili. Maji yalikuwa yameanza kupwa kiasi cha saa mbili nyuma, kwa hiyo mkondo ulikuwa unatoka bandarini. Na umande, upepo mwepesi wa nchi kavu, huamka usiku wa manane pale ardhi inapopoa kuliko bahari. Tanga lilipanda kwa henza, kamba ya kulipandishia, mabaharia wakivuta na kuitikiana, nasi tukivuta nyuma yao. Hapakuwa na upepo wa kulijaza lote, lakini maji yenyewe yalitubeba. Kivukoni upande mmoja, Kigamboni upande wa pili. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba na meli za makontena hupita humo humo, kwa hiyo baharia mmoja alikaa omoni, mbele ya chombo, na tochi mpaka tulipokuwa nje kabisa.

Jua lilipotoka umande ulikufa. Kwa muda jahazi lilikaa tu, foromali, mti unaobeba tanga, ikigongagonga mlingoti. Ticha alifurahi kupata darasa lisilo na ubao: nchi kavu ilikuwa inaanza kupata joto, hewa juu yake ingepanda, na ya baharini ingeingia kuchukua nafasi. Kama saa tatu kaskazi ikaja kweli, kwanza kama mikunjo midogo juu ya maji, kisha tanga likatuna na demani, kamba ya kulizuia, ikakazana mpaka ikaimba.

Kaskazi ilitusukuma kusini huku mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki ukija kinyume. Mkondo huo huelekea kaskazini mwaka mzima. Msimu wa kaskazi hupunguza tu kasi. Upepo na maji vikikutana hivyo, mawimbi huwa mafupi na yenye migongo iliyosimama, na chombo hupiga kichwa badala ya kupanda na kushuka taratibu. Dokta alitapika mpaka adhuhuri. Mjomba alimketisha karibu na mlingoti, ambako chombo huchezacheza kidogo kuliko pengine, akamwambia atazame upeo wa bahari na si sakafu. Alasiri alikula muhogo wa kuchemsha, akauliza kama umebaki mwingine.

Tulifika Kwale magharibi, maji yakiwa yamepwa karibu yote. Nanga ilitiwa mbali na kisiwa. Tulilala juu ya sitaha, chini ya tanga lililokunjwa.

Jumanne. Kwale kuelekea Mafia

Hii ndiyo siku jahazi lilipotuonyesha linachoweza. Kutoka Kwale unaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo kaskazi inakupiga ubavuni, na chombo cha tanga moja hakipendi upepo mwingine kuliko huo. Jahazi liliinama kidogo na kubaki hapo. Maji yalipita ubavuni kwa mvumo mmoja usiokatika. Pomboo walitufuata, wakapita chini ya omo, wakatuacha. Mjomba alimpa Fundi kana ya usukani akakaa kando yake bila kusema kitu, na nikamwona Fundi akijifunza kwa mikono: ukisubiri chombo kikengeuke ndipo urekebishe, umechelewa, unahisi kana inaanza kuwa nzito, unaitangulia.

Saa nane mchana upepo ulikatika. Haukupungua, ulikatika. Tanga lililegea, bahari ikalala kama mafuta ndani ya sufuria, na joto likatushukia. Kulia kwetu, mbali, kulikuwa na mstari mweusi wa mikoko ya delta ya Rufiji, zaidi ya hekta 50,000, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Maji yalikuwa yamebadilika rangi. Mto huo unabeba udongo kutoka bara na kuumwaga hapa. Ticha alisimulia juu ya Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha katika mikono ya delta hiyo mwaka 1914, Waingereza wakaizingira kwa miezi, mpaka Julai 1915 walipoipiga na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake ilitolewa majini, ikafungwa magurudumu na kupiganishwa nchi kavu.

Jioni Mjomba aliona kwamba tunarudishwa nyuma. Alilinganisha mikoko na nyota ya kwanza, akasema tumeshapoteza mwendo, akaamuru nanga itiwe pale pale katikati ya mlango wa Mafia. Kina kilikuwa kinaruhusu. Nilikuwa sijajua kwamba nanga ni chombo cha kwendea mbele: mkondo ukiwa kinyume na upepo haupo, anayesimama ameshinda yule anayeelea.

Usiku kila mmoja wetu alipewa zamu. Zamu yangu iliniangukia na mwezi mkubwa, siku mbili kabla ya kupevuka. Kazi ilikuwa kutazama kamba ya nanga, taa yetu, na ngama, chini kabisa ndani ya chombo yanapokusanyika maji. Maji ya ngama yalikuwa yameongezeka kuliko jana. Nilifua kwa dumu lililokatwa, nikamwamsha Mjomba kumwarifu. Alishuka, akapitisha kiganja juu ya mbao za ubavu wa kushoto moja moja, akapata pale kalafati, pamba ya kuziba mishono ya mbao, ilipolegea. "Ni mawimbi ya jana. Tutaipeleka kwa mafundi Jibondo," akasema, na akalala tena.

Jumatano. Kilindoni

Umande ulituamsha kabla ya alfajiri na kutufikisha Kilindoni, mji wa Mafia, maji yakiwa makavu. Tulishuka kwa ngarawa.

Mchana kijana wa hapo mwenye mashua alitupeleka kuwaona potwe. Potwe ni papa kwa ukoo na ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini chakula chake ni uduvi na vidudu vya maji visivyoonekana. Hawa wa Mafia wengi ni madume machanga. Zamani ilidhaniwa huja Oktoba na kuondoka Machi. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waligundua kwamba wengi hawaendi popote, husogea tu nje kidogo na kwenda chini zaidi, wasionekane. Kijana alituambia masharti kabla hatujaruka: usiguse, usimkate njia, kaa mbali naye mita kadhaa, usipige maji kwa miguu.

Niliruka nikatazama chini na sikuona kitu isipokuwa maji ya kijani yenye vumbi. Kisha vumbi likawa na madoa meupe yaliyopangwa. Alipita chini yangu mdomo wazi, polepole, na ilichukua muda mrefu mpaka mkia ukaja. Dokta, aliyekuwa wa kwanza kurudi mashuani, alilia waziwazi na hakuona haya.

Usiku simu zilishika mtandao vizuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari kwa pwani ya kusini kuanzia Ijumaa: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akaomba isomwe tena. Aliamua twende Jibondo alfajiri na kuingojea tahadhari hiyo huko, kwao, chombo kikiwa nchi kavu.

Alhamisi. Jibondo

Mwezi mpevu, bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Kwenye pwani hii bamvua ina saa zake: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Mwenye chombo anaweza kupanga siku yake yote kwa kutazama mwezi jana yake. Tofauti kati ya maji makuu na makavu hapa hupita mita tatu.

Tuliondoka na mwanzo wa kupwa. Kaskazi ilikuwa pumzi za mwisho tu. Tulipita upande wa Ras Kisimani, ambako mji wa kale, Kisimani Mafia, umeliwa na bahari kidogo kidogo, na kufikia saa tano tulikuwa mbele ya Jibondo. Kisiwa kilikuwa pale, watu wanaonekana, watoto wanapunga mikono, na kati yetu na wao kulikuwa na uwanja mpana wa mwamba, mchanga na nyasi za bahari, mkavu. Tukangoja. Wanawake walikuwa wanatembea juu yake na vikapu, wakichokonoa pweza. Mjomba alilala. Vijana walishona tanga. Sisi tuliteremka tukatembea kwenye maji ya kifundo cha mguu, tukijifunza majina ya vitu kutoka kwa watoto waliokuja kutupokea kwa miguu.

Saa tisa maji yalikuwa yamerudi karibu yote. Jahazi lilielea juu ya pale tulipokuwa tumesimama, likasogezwa mpaka karibu na mchanga, likafungwa na kuegemezwa magogo. Walisema wanalipweleza. Usiku maji yalipoondoka, lilibaki limekaa juu ya mkuku wake, nchi kavu, na kwa mara ya kwanza nililiona umbo zima. Chini ya mstari wa maji ni chombo kingine: kimechongoka, chembamba, chenye mipindo ambayo juu hauidhani.

Ijumaa. Jibondo

Jibondo ni mwamba. Hakuna kisima cha maji baridi. Watu hukinga mvua, na kiangazi huchota maji visiwa vya jirani na kuyavusha kwa vyombo. Mashamba ya wengi wao yako kisiwa cha Juani. Pengine ndiyo sababu hakuna mahali nilipopata kuona watu wanaojua chombo kama hapa. Ukikaa juu ya jiwe lisilo na maji, jahazi ni kisima chako na shamba lako.

Mafundi walikuja maji yalipokuwa yanakimbia, kama saa mbili asubuhi, kwa kuwa kazi ina muda wake na bahari hairefushi. Mzee mmoja alipita na nyundo ndogo akigonga mbao, sikio limeinamishwa. Mbao nzima hutoa mlio mkavu. Palipolegea hutoa mlio wa kuvimba. Walikwangua kalafati ya zamani, wakasokota pamba mpya iliyolowekwa mafuta, wakaiingiza katika mshono kwa patasi butu na kuipigilia, tabaka juu ya tabaka. Hakuna aliyeharakisha, na hakuna aliyesimama. Fundi wetu aliomba kujaribu. Mzee alimpa patasi, akatazama mapigo machache, akamshika mkono na kuuinamisha kidogo: "Usipige pamba, mwanangu. Ipeleke." Baada ya hapo walipaka sifa, mafuta ya samaki ambayo harufu yake ilikaa kwenye nguo zetu mpaka Dar es Salaam, na walimaliza maji yakiwa yanagusa mkuku.

Kazi ilisimama kwa sala ya Ijumaa. Tulipotoka msikitini mbingu za kusini zilikuwa zimebadilika. Mawingu hayakuwa yale ya mafungu meupe ya kaskazi. Yalikuwa yamelala, marefu, rangi ya risasi. Upepo ulinigonga shavu la kushoto nikiwa nimeelekea kusini-magharibi, Kilwa. Haukuwa mkali. Lakini wazee wote waliokuwa barazani walikuwa wamegeuza viti.

Jumamosi. Jibondo

Mvua kutwa. Mapipa yote ya kisiwa yalikuwa nje na watu walikuwa na furaha.

Barazani mazungumzo yalikuwa juu ya Hidaya. Mei 2024 kimbunga hicho kilifika Mafia, na upande wa Kilwa mafuriko yakaikata barabara ya kusini. Vimbunga havifiki sana huku, tuko karibu mno na ikweta. Ila vile vinavyokumbukwa, Ticha alihesabu, viliangukia kipindi kimoja: kile cha Zanzibar 1872 kilikuwa Aprili, cha Lindi 1952 Aprili, na Hidaya siku za kwanza za Mei. Wakati pepo zinapobadilishana zamu. Wazee waliitikia kwa vichwa; kwao halikuwa jambo jipya.

Kijana mmoja alimwuliza Mjomba kwa nini asiondoke usiku mvua ikipungua, bahari ya ndani si mbaya sana. Mjomba alisema, "Nina watoto wa watu." Mazungumzo yakaendelea na mambo mengine.

Jumapili. Jibondo hadi Songo Songo

Tahadhari iliisha. Maji yalijaa karibu saa kumi na mbili asubuhi, jahazi likaelea, ngama ikawa kavu kabisa. Upepo ulikuwa kusini-mashariki, wa kutosha, na njia yetu ni kusini kuelekea magharibi kidogo. Maana yake ni kwenda joshi: tanga limekazwa karibu na chombo, omo inaelekezwa karibu na upepo kadiri inavyostahimili, na nahodha anachunga ukingo wa tanga usianze kutetemeka. Unapata mwendo, lakini kila wimbi unalilipia. Tulilowa kabla ya saa mbili na hatukukauka tena.

Njia ya kusini ya Mafia ina visiwa vidogo na miamba: Okuza, Nyuni, Fanjove. Mjomba anaisoma kwa rangi. Buluu nzito ni kina. Kijani cha maziwa ni mchanga, unapita kwa tahadhari. Kahawia ni mwamba. Alimpandisha baharia juu ya mlingoti, na maneno yalikuwa yakishuka kutoka juu muda wote, kulia kuna weupe, mbele safi, mbele safi.

Karibu saa sita niliona upande wa kusini-mashariki ukuta. Sijui kuueleza vinginevyo. Juu wingu jeusi lenye ukingo ulionyooka, chini pazia la mvua lililoficha upeo. Upepo wetu ulikuwa bado ule ule, jua bado linatuchoma. Mjomba alikuwa ameshauona zamani. Alisubiri kidogo, akauangalia, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tua tanga."

Sisi tuliona ni mapema. Bado tulikuwa na mwendo mzuri. Vijana hawakuuliza, waliachia henza, foromali ikashuka na tanga lote likatuangukia, zito, limelowa, tukalikumbatia na kulifunga kwa kamba juu ya foromali. Nilikuwa nakaza fundo la mwisho hewa ilipogeuka baridi. Kisha ukaja. Chombo kisicho na tanga hata shubiri kiliinama kwa upepo wa mlingoti peke yake. Kama tanga lingekuwa juu, sasa najua, ama lingepasuka ama lingetulaza.

Mvua ilifuta kila kitu. Hatukuiona omo kutoka tezini, nyuma ya chombo. Na hapo ndipo hofu ilipoingia kwa Mjomba pia, nilimwona, kwa sababu rangi za bahari zilikuwa zimetoweka. Tulikuwa tunasukumwa upande wa miamba na hakuna jicho la kuiona. Akaita bildi.

Baharia alisimama ubavuni, akatupa bildi, akahesabu kamba mikononi. "Pima kumi na nne!" Akavuta, akatupa. "Kumi na mbili!" Dokta na mimi tulikuwa tunafua maji, Ticha na Fundi walikuwa wameshika kana pamoja na Mjomba. "Kumi!" Kila mmoja wetu alikuwa anasikiliza namba hizo na kunywea nazo. "Nane!" Kimya kirefu, au kilichokuwa kirefu kwetu. "Saba!"

"Nanga."

Ilikwenda na kamba yote iliyokuwapo. Ilikwaruza, ikaruka, tukahisi mrusho wake kwenye mbao chini ya miguu, ikakwaruza tena. Halafu ikashika. Omo iligeuka ikaukabili upepo, na wimbi la kwanza likapita juu yake na kutufunika wote. Mjomba aliweka kiganja juu ya kamba ya nanga na akakaa nacho pale, akisikiliza kwa mkono kama nanga inatembea. Haikutembea.

Ilidumu labda nusu saa. Mvua ilikwenda kama ilivyokuja, kwa mstari, na jua likatupiga tena. Nyuma yetu, umbali ambao ningeweza kumwita mtu akanisikia, bahari ilikuwa inavunjika nyeupe juu ya mwamba. Hakuna aliyesema. Mjomba aliutazama, akapima kwa macho, akawaambia vijana wapashe chai moto kwanza, yenye sukari nyingi, kabla ya kutweka tanga. Tulikunywa tumeinamisha migongo, mikono ikitetemeka. Ticha alimshika mjomba wake bega na kuliacha bila neno.

Songo Songo tuliiona kwanza kwa taa. Gesi iligunduliwa hapa 1974 na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme, na mitambo inawaka usiku kucha. Tuliingia na maji ya jioni yakiwa yanamalizia kujaa. Tulilala bila kula.

Jumatatu. Songo Songo hadi nje ya Kilwa Kivinje

Upepo wa kusini, anga safi. Mwendo mfupi. Kivinje maji yakipwa hubaki tope refu, kwa hiyo tulitia nanga mbali na kukausha kila tulichokuwa nacho: godoro, nguo, daftari hili.

Jumanne. Kilwa Kisiwani

Sasa kusi ilikuwa imeshika, na Kilwa Kisiwani ilikuwa pale pale inakotoka. Hakuna njia isipokuwa kubisha, kuukabili upepo kwa mikato ya huku na huku.

Kubisha kwa jahazi ni kazi ya watu wote. Foromali iko upande mmoja wa mlingoti, kwa hiyo huwezi kupitisha omo katika upepo na kuendelea. Unageuza chombo kwa nyuma, upepo ukiwa tezini, na wakati huo foromali inasimamishwa wima, tanga lote linazungushwa mbele ya mlingoti na kufungwa upande wa pili. Ukichelewa, upepo unalinyakua. Unakwenda upande huo mpaka nahodha aseme, kisha unarudia. Kila mkato ulitupa kipande kidogo cha kusini, na nusu yake kililiwa na mkondo. Wakati mmoja kichwa cha nchi kilikaa mahali pamoja kwa mikato mitatu. Mikono yetu ilichubuka. Lakini ikifika mara ya tano au sita tulikuwa hatuhitaji kuamriwa. Fundi alishajua kamba yake, Dokta alikuwa anaitikia wimbo wa kuvutia kwa sauti kuliko mabaharia.

Mjomba alitaka kuufikia mlango wa bandari wakati maji yanajaa, na alipanga mikato yote kwa ajili ya saa hiyo. Saa kumi tulikuwa mbele yake. Mkondo ulituchukua ndani, kati ya Kilwa Masoko na kisiwa, na bahari ikatulia ghafla. Kushoto Gereza, ngome inayoota kwenye ufuko, na juu ya miti kuta za Husuni Kubwa.

Tulishuka tukatembea mpaka giza. Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupanuliwa, una nguzo na kuba ambazo bado zinakufanya ushushe sauti. Ibn Battuta alifika hapa 1331 na kuusifu mji. Jumba la Husuni Kubwa, la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilikuwa na vyumba zaidi ya mia. Mwaka 1981 UNESCO iliuweka mji huu na Songo Mnara katika urithi wa dunia. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Ila sasa, viganja vikiwaka, nilielewa kwa nini mji ulikaa hapa. Wafanyabiashara wa Arabuni walishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa iko karibu na mwisho wa masafa ambayo chombo kiliweza kushuka na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ililetwa hapa na vyombo vya pwani ikawasubiri. Na wao, wakishafika, walisubiri upepo ugeuke: miezi wakipanga vyumba, wakioa, wakijifunza lugha, wakisali katika msikiti huu. Mawe haya yalijengwa na watu waliokuwa wanangoja kusi.

Mjomba hakushuka. Alijaza madumu ya maji, akanunua unga na mafuta ya taa, akatupa baraka moja moja huku akituita wanangu. Dokta alimwachia sanduku la dawa na kumweleza kila kidonge. Alitaka kuondoka na maji ya usiku. Upepo tuliobisha nao kutwa ungekuwa tezini kwake, na alitarajia kuiona Jibondo kabla ya magharibi ya kesho. Sisi tulivuka kwenda Masoko kukata tiketi za basi la alfajiri.